Nani Anaichunga Shule ya Parokia?

Somo: 1 Samweli 1:24 hadi 3:18

Saa hii, katika nyumba nyingi, chai imekwisha kumiminwa, sare zimepigwa pasi, na watoto wako njiani kwenda shuleni. Asubuhi hii twataka kuwafuata watoto hao mpaka langoni na kuuliza swali moja: wakiisha kuingia ndani, wamo mikononi mwa nani?

Hana naye alikuwa mama wa mwanafunzi. Alimpeleka mwanawe Samweli, angali mdogo, akamkabidhi kwa kuhani Eli katika nyumba ya Bwana kule Shilo. Alimpeleka mahali palipoitwa pa Mungu, kwa watu waliovaa mavazi ya utumishi wa Mungu. Lakini twajua yaliyokuwamo. Wana wawili wa Eli, makuhani wote wawili, walikuwa watu wabaya. Mahali palikuwa patakatifu, jina lilikuwa zuri, na bado hatari ilikuwa ndani. Tuliweke jambo hilo moyoni, kwani tutalirudia.

Leo twataka kueleza habari za jirani zetu Wakatoliki na shule zao za parokia: ni nani huziongoza, na kila kiongozi ana kazi gani. Wako wengi katika makanisa yetu ambao watoto wao wamesoma kwa Wakatoliki. Mzazi hulipa karo, humwona sista akipita uani, humwona padre siku ya kufunga shule, lakini hajui nani ana neno la mwisho. Akiwa na furaha hajui amshukuru nani. Akiwa na malalamiko hajui abishe mlango upi. Tena makanisa yetu nayo yana shule. Tukiona jinsi jirani anavyoijenga nyumba yake, na mahali ilipomwangukia, pengine tutauona ufa ulio katika ukuta wetu wenyewe.

Ili tusiseme kwa kubahatisha, tutakwenda Marekani. Huko shule ya parokia ina historia ndefu, iliyoandikwa vizuri, yenye sifa na yenye aibu. Na parokia ni nini? Ni ile ambayo wengi wetu huiita parishi: kanisa moja na watu wake, chini ya padre mmoja aitwaye paroko. Shule ya parokia basi ni shule ya kanisa hilo, iliyojengwa mara nyingi ubavuni mwake, na kutunzwa kwa sadaka na karo.

MWANZO WAKE

Mmoja wa waanzilishi wake hakuwa padre. Alikuwa mjane. Elizabeth Seton alizaliwa New York mwaka 1774, akalelewa katika Kanisa la Anglikana. Mumewe alipougua kifua kikuu walisafiri mpaka Italia kutafuta nafuu, naye akafia huko mwaka 1803, akimwacha na watoto watano. Mwaka 1805 akaingia Kanisa Katoliki. Mwaka 1809 akahamia Emmitsburg katika jimbo la Maryland, akaanzisha shirika la masista, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya bure kwa watoto wa kike. Alifariki mwaka 1821. Shule nyingi za parokia zilizofuata zilipata walimu wao kutoka kwa masista wa namna hiyo.

Jambo la pili latuhusu sisi Waprotestanti, na si la kujivunia. Katika miaka ya 1840, shule za serikali mjini Philadelphia zilisoma Biblia kila siku katika tafsiri ya Kiprotestanti. Mwaka 1842 askofu wa Wakatoliki, Francis Kenrick, aliomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kutumia tafsiri yao. Ombi lilikuwa dogo, lakini uvumi ukaenea kwamba Wakatoliki wanataka kuiondoa Biblia shuleni. Mwaka 1844 ghasia zikazuka. Watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na makanisa mawili ya Wakatoliki, la Mtakatifu Mikaeli na la Mtakatifu Augustino, yakateketea. Watu walidai kwamba wanaitetea Biblia, na huku wanachoma nyumba ya sala. Tukiulizwa kwa nini Wakatoliki wa Marekani waliona lazima wawe na shule zao wenyewe, sehemu ya jibu imo katika majivu hayo.

Miaka minane baadaye, mwaka 1852, mji huohuo ukapata askofu mpya, John Neumann, mzaliwa wa Bohemia. Yeye hakulipiza kisasi. Alijenga shule. Na zaidi ya kujenga, aliziunganisha shule zote za dayosisi yake chini ya kamati moja, ili paroko mmoja asijifanyie apendavyo, na shule maskini isiachwe peke yake. Alianguka akafa barabarani tarehe 5 Januari 1860, akiwa na umri wa miaka 48.

Mwaka 1884 maaskofu wote wa Marekani walikutana Baltimore, wakaagiza kwamba karibu na kila kanisa pajengwe shule ya parokia katika muda wa miaka 2, na kwamba walimu wapimwe kwa mtihani. Si parokia zote zilizoweza kutimiza. Lakini wahamiaji maskini kutoka Ireland, Ujerumani, Poland na Italia walichanga senti zao, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 kulikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5 katika shule za Wakatoliki za Marekani.

MIKONO INAYOISHIKA SHULE

Sasa tuingie ofisini. Nani yumo?

Wa kwanza ni askofu. Kwa Sheria ya Kanisa Katoliki, ile iliyotolewa mwaka 1983, hakuna shule inayoweza kujiita ya Kikatoliki bila kibali cha mwenye mamlaka katika Kanisa. Askofu ana haki ya kuikagua. Ni wajibu wake kuangalia kwamba wanaofundisha dini wana mafundisho ya kweli, mwenendo mwema na ujuzi wa kufundisha. Tazameni, ndugu, mambo hayo yamewekwa matatu pamoja. Kujua Maandiko hakutoshi kama mwenendo ni mbovu, wala mwenendo mwema hautoshi kama mtu hawezi kumweleza mtoto akaelewa. Askofu hawezi kufika kila shule kila juma, kwa hivyo huweka msimamizi wa elimu wa dayosisi, ambaye huangalia masomo, vyeti vya walimu na viwango vya shule zote.

Wa pili ni paroko. Yeye ni mchungaji wa parokia nzima: wazee, wagonjwa, maarusi, wafiwa, na shule pia. Kisheria ndiye anayesimama kwa niaba ya parokia. Kwa kawaida ndiye anayekubali makadirio ya fedha, na ndiye anayemweka mwalimu mkuu kwa kushauriana na ofisi ya dayosisi. Paroko mwema hamwachii mwalimu mkuu kila kitu, wala hamnyang'anyi kila kitu. Husoma Misa pamoja na watoto, huingia darasani, hujua majina yao. Lakini paroko huhamishwa, mara nyingi baada ya kipindi cha miaka 6. Anayekuja huenda akaipenda shule. Huenda pia akaiona mzigo unaomaliza fedha za kanisa. Walimu wa shule za parokia huijua sana hofu ya siku ile paroko mpya anapowasili na masanduku yake.

Wa tatu ni mwalimu mkuu. Huyu ndiye anayefungua lango asubuhi. Huajiri walimu, hupanga masomo, huamua ugomvi wa watoto, huhesabu madawati, hupokea wazazi wenye hasira. Zamani mwalimu mkuu alikuwa karibu kila mara sista. Mwaka 1950 walimu tisa kwa kumi hivi katika shule hizo walikuwa masista, mabradha au mapadre. Leo hawafiki watu 3 kwa kila 100. Waliobaki wote ni walei, yaani waumini wa kawaida, wenye waume na wake na kodi ya nyumba ya kulipa. Mabadiliko hayo ndiyo moja ya sababu kubwa karo ikapanda na shule nyingi zikafungwa. Kwa miaka mingi shule zilikuwa na bei nafuu kwa sababu wanawake walifundisha kwa posho ndogo sana. Nao walipozeeka ilionekana kwamba mashirika yao hayana akiba ya kutosha ya kuwatunza. Tangu mwaka 1988 Wakatoliki wa Marekani wamekuwa wakichanga sadaka maalum kila mwaka kwa ajili ya watawa wazee. Ni neema kwamba walikumbukwa. Lakini ni onyo pia: tukifurahia kitu cha bei rahisi kanisani, tuulize nani analipa kilichobaki.

Wa nne ni halmashauri ya shule pamoja na wazazi. Hapa Mprotestanti hushangaa. Sisi tumezoea baraza la wazee linalopiga kura. Katika shule ya parokia, halmashauri kwa kawaida hutoa shauri tu. Huwa na watu wanaojua hesabu, sheria, ujenzi na elimu. Hukutana, huchunguza, hushauri. Lakini neno la mwisho hubaki kwa paroko, na juu yake askofu. Hata hivyo Wakatoliki wenyewe hufundisha, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema wazi mwaka 1965, kwamba walimu wa kwanza wa mtoto ni wazazi wake. Shule huwasaidia, haichukui mahali pao.

Basi hiyo ndiyo mikono inayoishika shule. Utaratibu huo unatukumbusha shauri la Yethro kwa mkwewe Musa katika Kutoka sura ya 18. Mtu mmoja akibeba watu wote peke yake atachoka, na watu watachoka pamoja naye. Gawanya kazi; weka watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wanaochukia rushwa.

UKUTA ULIPOANGUKA

Lakini tulisema tutarudi Shilo.

Mwezi wa Januari 2002, gazeti moja la mji wa Boston lilianza kuchapa habari zilizouvunja moyo wa Wakatoliki duniani kote. Mapadre waliwatendea watoto maovu ya uasherati. Na ubaya ulizidi hapo: wakubwa wao walikuwa wameambiwa, nao walimhamisha mkosaji kimya kimya kutoka parokia moja mpaka nyingine, penye watoto wengine na shule nyingine, wala wazazi wa huko hawakuambiwa neno.

Jambo hili halikuwa jipya katika Maandiko. Soma sura ya 2 ya 1 Samweli. Habari za uovu wa wana wa Eli zilimfikia baba yao kutoka kwa watu wote. Aliwakaripia kwa maneno, akawaacha katika kazi yao. Hukumu ya Mungu juu ya Eli, katika sura ya 3, haisemi kwamba yeye mwenyewe alitenda maovu hayo. Yasema alijua, na hakuwazuia. Ndugu, mzee wa kanisa anayejua na kunyamaza ili jina la kanisa lisichafuke ameketi katika kiti cha Eli.

Tena angalieni Mungu alimpa nani ujumbe ule. Hakumpa kuhani. Hakumpa mzee yeyote. Alimwita mtoto usiku, na mtoto aliogopa kusema. Lakini hapa Eli, pamoja na makosa yake yote, alifanya jambo moja jema: alimwita Samweli asubuhi akamtaka asimfiche hata neno moja. Akasikiliza mpaka mwisho, ingawa maneno yalimhukumu yeye mwenyewe. Mkuu wa shule anayeweza kumsikiliza mtoto mpaka mwisho, hata kama maneno ya mtoto yatampeleka rafiki yake mahakamani, huyo amejifunza kitu kule Shilo.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo wa 2002 maaskofu wa Marekani walikutana Dallas, wakaweka kanuni za kuwalinda watoto. Tangu hapo habari za zamani za padre, mwalimu, mfanyakazi na hata mzazi anayejitolea huchunguzwa kabla hajakaa na watoto. Watu wazima hufunzwa kutambua dalili za hatari. Mashtaka hupelekwa kwa serikali, hayamalizwi chumbani kwa askofu. Kila dayosisi huwa na bodi ambayo wengi wake ni walei, wanaomshauri askofu kuhusu mashtaka hayo. Na kila mwaka hufanywa ukaguzi kuona kama kanuni zinafuatwa. Kanuni haziondoi dhambi moyoni, na walioumizwa wengi wanasema zilikuja zikiwa zimechelewa. Lakini zinafunga milango ambayo zamani iliachwa wazi kwa sababu ya heshima.

Tena Waprotestanti tusinyoshe kidole. Maovu kama hayo yametokea katika makanisa yetu pia, chini ya wachungaji waliooa, chini ya walimu wa shule ya Jumapili, chini ya wazee waliochaguliwa kwa kura. Heshima bila ulinzi ndiyo iliyoleta msiba, na heshima bila ulinzi iko hata kwetu.

NA SISI JE?

Hapa Kenya mambo yamepangwa kwa njia nyingine. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, shule nyingi zilizoanzishwa na misheni, za Wakatoliki na zetu, ziliingia chini ya usimamizi wa serikali, nayo makanisa yakabaki wafadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaeleza kazi ya mfadhili: kuwa na wajumbe katika halmashauri ya shule, kutoa shauri la kiroho, kukuza maisha ya kiroho pasipo kuivunja dini au madhehebu ya wengine, na kusaidia kwa fedha na majengo. Mwalimu mkuu wa shule ya umma huwekwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Katika shule za binafsi za kanisa, kanisa lenyewe ndilo mwajiri, na hapo mzigo wake ni mzito zaidi.

Basi twawaachia mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, wazazi: jueni majina. Ni nani mwenyekiti wa halmashauri? Ni nani mjumbe wa kanisa? Malalamiko hupelekwa wapi? Hana hakumsahau mwanawe pale Shilo. Kila mwaka alipanda na kajoho kadogo alikokashona kwa mikono yake. Na mama anayeshona joho kila mwaka lazima amtazame mtoto: amekua kiasi gani, amenenepa au amekonda, anacheka au amenyamaza. Kumkabidhi mtoto kwa Bwana hakukumzuia Hana kwenda kumwona.

Pili, wajumbe wa kanisa katika halmashauri za shule: nendeni shuleni. Kuna wajumbe ambao huonekana siku ya sherehe tu, wakipewa kiti cha mbele na soda. Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, anawaonya wazee wasilichunge kundi kwa kutafuta faida wala kwa kujifanya mabwana, bali wawe vielelezo. Ingia bwenini. Onja chakula. Keti na watoto chini ya mti mwalimu akiwa mbali kidogo, uwasikilize.

Tatu, wachungaji: kubalini kukaguliwa. Anayekagua vitabu vya fedha hamtukani mweka hazina, na anayeuliza habari za mtumishi kabla ya kumkabidhi watoto hamtukani mtumishi huyo. Yakobo anatuambia katika sura ya 3 kwamba sisi waalimu tutahukumiwa kwa ukali zaidi. Ni afadhali tuulizwe hapa na ndugu zetu kuliko kuulizwa huko kwa mara ya kwanza.

Na jirani zetu Wakatoliki? Tunatofautiana nao katika mengi, wala hatuwezi kuyamaliza kwa mazungumzo ya asubuhi moja. Lakini masista waliofundisha mpaka wakazeeka, askofu aliyejenga shule katika mji uliochomewa makanisa, na mwalimu mkuu anayefungua lango leo kabla ya jua, hao twaweza kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Na yule mtoto aliyeumizwa na mtu aliyevaa mavazi ya Mungu, huyo twaweza kulia pamoja naye. Yeye hana dhehebu mbele za Bwana.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwita Samweli kwa jina lake gizani, walinde watoto wetu katika shule zote zilizojengwa kwa jina lako. Uwape viongozi wao moyo wa uchungaji na masikio ya kusikia. Utuondolee woga wa Eli. Utupe uaminifu wa Hana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.